Ukoo wa Huizenga, Wazoa Taka wa Chicago

Kampuni mbili kubwa kuliko zote za kuzoa taka nchini Marekani ni WM ya Houston na Republic Services ya Phoenix. Ni mahasimu wa biashara. Hukutana kwenye zabuni za miji ile ile, hunyang'anyana wateja, na kila moja inamiliki majalala makubwa yenye nafasi ya kupokea taka kwa miaka mingi ijayo. Lakini ukirudi nyuma katika historia ya kila moja utafika mlango mmoja: ukoo wa Huizenga, wahamiaji wa Kiholanzi walioanza kuzoa taka kwa gari la farasi mjini Chicago katika miaka ya 1890. Leo hakuna hata moja kati ya kampuni hizo yenye jina la ukoo huo. Familia iliijenga biashara, ikaikuza kupita ilivyowahi kuota, kisha ikapotelea ndani yake.

Mji wa majivu

Mwaka 1880 Chicago ilikuwa na watu nusu milioni. Miaka 10 baadaye walikuwa wamepita milioni moja. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe na mizigo ilivutwa na farasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya taka za mji haikuwa plastiki na karatasi kama leo. Ilikuwa majivu, na juu ya majivu samadi, mabaki ya vyakula na takataka za masokoni.

Manispaa ilitoa kazi ya kuzoa taka za makazi kwa makandarasi, na mara nyingi kandarasi zilikwenda kwa marafiki wa wanasiasa. Katika wadi ya 19, upande wa magharibi walikoishi wahamiaji maskini, masanduku ya mbao ya kuwekea taka yalifurika barabarani na watoto wakacheza juu yake. Jane Addams, aliyeendesha kituo cha huduma za jamii cha Hull House katika wadi hiyo, aliamua mwaka 1895 kuiomba zabuni yeye mwenyewe. Ombi lake lilitupwa kwa kasoro ya kiutaratibu, lakini meya akamteua mkaguzi wa taka wa wadi kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Akawa anaamka alfajiri na kuyafuata magari ya taka hadi jalalani, kuhakikisha hayaachi kitu njiani. Katika uchochoro mmoja, taka zilipochimbuliwa, ilionekana kumbe chini kuna barabara iliyosakafiwa. Ilikuwa imefukiwa na uchafu wa kina cha inchi 18.

Huduma ya manispaa, mbovu kama ilivyokuwa, ililenga nyumba za kawaida. Hoteli, maduka, viwanda na majengo makubwa ya kupangisha yalilazimika kujitafutia mtu wa kuyaondolea uchafu kwa malipo. Pengo hilo ndilo lililozibwa na Waholanzi. Harm Huizenga, aliyetoka jimbo la Groningen kaskazini mwa Uholanzi, alianza kwa kutoza dola 1 na senti 25 kwa kila gari lililojaa.

Hakuwa peke yake. Watu wa Groningen walikuwa wamekusanyika upande huo huo wa magharibi mwa Chicago, wakizunguka makanisa yao ya Kikalvini, na wengi wao waliingia kazi hiyo hiyo. Sababu zilikuwa za wazi. Walikuwa watoto wa wakulima, farasi hawakuwapa tabu. Kazi haikuhitaji Kiingereza kingi wala mtaji mkubwa: farasi, gari na mgongo wenye nguvu vilitosha. Zaidi ya yote, mzoa taka hakuwa na bwana. Aliyeajiriwa kiwandani angeweza kuitwa kazini Jumapili, siku ambayo Mkalvini wa Kiholanzi hakuthubutu kuigusa kazi. Mwenye gari lake alijipangia siku zake sita, na ya saba akaenda kanisani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Matanuri ya kupasha joto majengo yalikaa chini kabisa, katika vyumba vya ardhini. Mzoaji alishuka ngazi na pipa tupu, akajaza majivu kwa koleo, akalibeba begani hadi juu uchochoroni, akamimina garini, akashuka tena. Jengo moja lilimgharimu safari nyingi za ngazi, na ruti ilikuwa na majengo mengi. Wakati wa baridi kali, ndipo makaa yalipochomwa kwa wingi na majivu yakaongezeka. Gari lilipojaa, farasi waliongozwa hadi kwenye mashimo ya zamani ya udongo wa matofali au machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambayo Chicago iliyafukia kwa taka zake moja baada ya jingine.

Mali ilikuwa ruti

Mtu wa nje aliyemtazama mzoaji angedhani mali yake ni gari na farasi. Wenyewe walijua kwamba mali ni ruti: orodha ya wateja, mpangilio wa mitaa, na ahadi kwamba Jumatatu asubuhi mtu atafika. Gari huoza na farasi hufa, lakini mteja aliyeridhika hulipa mwezi baada ya mwezi. Mzee alipochoka hakuuza gari, aliuza ruti, na bei yake ilipigwa kwa kuangalia inaingiza kiasi gani kwa mwezi. Baba alipokuwa na watoto wa kiume aliwagawia vituo, yaani mahali pa wateja wake, kama mkulima anavyowagawia wanawe shamba. Wanawe wa Harm waliifuata kazi ya baba yao, na wakwe wakafuata nyuma.

Mfumo huo ulilindwa na undugu kuliko ulivyolindwa na sheria. Mshindani wako alikuwa mtu mnayekaa naye benchi moja kanisani, pengine shemeji yako au baba mkwe wa mwanao. Kumwibia kituo ilikuwa aibu isiyofichika. Baada ya muda wazoaji wa Kiholanzi wakawa na mamia ya kampuni ndogo ndani na nje ya Chicago, pamoja na chama chao cha kusuluhisha migogoro, na heshima ya vituo ikawa kanuni.

Wajukuu wa wazoaji wale hupenda kusimulia habari hii kama hadithi ya uaminifu, na uaminifu kweli ulikuwapo. Lakini simulizi hiyo ina upande wa mteja pia. Mwenye hoteli aliyechoshwa na mzoaji wake alipompigia simu mwingine, huyo mwingine angeweza kumwambia kwa upole kwamba hana nafasi. Kilichokuwa adabu kati ya mashemeji, kwa mwenye hoteli kilikuwa bei isiyo na mshindani. Kasoro hiyo ilihamia katika kampuni kubwa zilizofuata, na katika miaka ya 1980 mahakama za Marekani zilizitoza kampuni kadhaa za taka faini kwa kosa la kupanga bei.

Teknolojia nayo ilikuwa ikisogea. Malori yalichukua nafasi ya farasi. Mwaka 1938 ilitoka Garwood Load-Packer, lori lenye mtambo wa kushindilia taka ndani ya bodi, likaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko lori la kawaida. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia majengo yalihama kutoka makaa kwenda mafuta na gesi, majivu yakapungua, na mahali pake pakajaa karatasi, maboksi na vifungashio vya kila namna. Mwaka 1955 kampuni ya Dempster ya Knoxville, Tennessee, ilileta lori linalonyanyua kontena la chuma kwa mikono miwili ya mbele na kulimwaga juu ya bodi. Dereva mmoja aliweza sasa kumaliza kazi iliyokuwa ya vijana wanne. Lakini lori la aina hiyo lilikuwa ghali, na kontena zote zile zilipaswa kununuliwa kabla mteja hajalipa hata senti. Kuanzia hapo mgongo wenye nguvu haukutosha tena, na mtaji ukawa ndio mlango wa kuingilia.

Mkwe na binamu

Katikati ya miaka ya 1950 tawi moja la ukoo liliendesha kampuni iitwayo Ace Scavenger Service, chini ya Peter Huizenga. Binti yake alikuwa ameolewa na Dean Buntrock, kijana wa Kilutheri kutoka Columbia, mji mdogo wa South Dakota, aliyesoma katika chuo cha St. Olaf na kisha akauza bima. Hakuwa Mholanzi wala hakuwahi kubeba pipa la majivu. Mwaka 1956 baba mkwe wake alifariki, na familia ikamwita Chicago kuja kuishika biashara.

Buntrock aliitazama kazi hiyo kwa macho ya mgeni. Wazoaji waliona mitaa. Yeye aliona mapato yanayojirudia kila mwezi, wateja wasioweza kuahirisha kutupa taka hata uchumi ukiyumba, na mamia ya kampuni ndogo ambazo wenyewe walikuwa wanazeeka bila mrithi. Akaanza kununua ruti ndani na nje ya Chicago, hadi jimbo jirani la Wisconsin.

Kusini kabisa, Florida, alikuwapo kijana mwingine wa damu ya Harm. Wayne Huizenga alizaliwa Desemba 1937 Evergreen Park, pembeni mwa Chicago, na familia yake ikahamia Fort Lauderdale mwaka 1953. Alijaribu chuo cha Calvin huko Michigan, hakumaliza. Mwaka 1960 alipewa kazi ya kusimamia kampuni ndogo ya taka huko Pompano Beach, na mwaka 1962 akanunua lori moja la mtumba pamoja na wateja walioingiza takriban dola 500 kwa mwezi. Akaiita biashara yake Southern Sanitation Service.

Ratiba yake ya siku ilikuja kuwa maarufu. Alikuwa ndani ya lori tangu usiku wa manane, akizoa hadi adhuhuri. Kisha alirudi nyumbani, akaoga, akavaa shati safi, na mchana wote akapita mlango hadi mlango kutafuta wateja wapya. Kesho yake aliwazolea taka wale aliokuwa amewabembeleza jana. Florida Kusini ilikuwa inajengwa kwa kasi, kila jengo jipya lilihitaji kontena, na katika miaka michache lori moja likawa msafara.

Mwaka 1968 Buntrock, Wayne na mshirika wao Larry Beck wa Chicago waliunganisha biashara zao kuwa kampuni moja, Waste Management, ile inayoitwa leo WM. Mwaka 1971 iliingia soko la hisa.

Hisa badala ya fedha

Wakati ulikuwa umewaandalia njia. Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa imechoka na moshi wa majalala yaliyochomwa moto wazi. Sheria ya taka ya mwaka 1965, sheria ya hewa safi ya 1970, kuanzishwa kwa Shirika la Hifadhi ya Mazingira mwaka huo huo, kisha sheria ya usimamizi wa taka ya 1976, vyote vilisukuma upande mmoja: jalala la holela lifungwe, na mahali pake paje dampo linalosimamiwa, lenye kufukiwa kwa udongo kila siku na kuzuia maji machafu yasipenye ardhini. Dampo la namna hiyo linahitaji wahandisi, wanasheria na mamilioni ya dola. Familia yenye malori matano haikuziweza gharama hizo.

Basi Waste Management iliwafuata wenye malori matano. Iliwapa hisa, mara nyingi ikawaacha wabaki mameneja wa ruti zao wenyewe, na ikawaondolea usumbufu wa benki, sheria na dampo. Kwa mzee aliyebeba mapipa tangu utotoni, karatasi ile ilikuwa na thamani ambayo hakuna mtoto wake angeweza kumlipa kwa ruti. Hisa zilivyopanda bei, ndivyo kununua kampuni nyingine kulivyozidi kuwa rahisi. Kufikia mwaka 1972 kampuni ilikuwa imenunua biashara 133, ikiwa na mapato ya dola milioni 82 na wateja katika majimbo 19 ya Marekani pamoja na Ontario na Quebec huko Kanada. Wengi wa waliouza walikuwa Waholanzi wa Chicago. Hawakumuuzia mgeni, walimuuzia mkwe wa Huizenga.

Mshindani mkuu alitokea Houston. Tom Fatjo, mhasibu, aliingia kazi hiyo mwaka 1967 kwa kununua lori moja baada ya mtaa wake kukosa huduma nzuri ya taka, na kampuni aliyoianzisha ikakua kuwa Browning-Ferris Industries, iliyojulikana zaidi kama BFI. Kwa miaka 20 kampuni hizi mbili zilishindana kununua familia za wazoaji kote Amerika Kaskazini.

Waste Management ilivuka bahari pia. Mwaka 1977 ilipata, pamoja na mbia wa Kisaudi, mkataba wa kuusafisha mji wa Riyadh uliozidi dola milioni 240. Ilipeleka malori kwa meli, ikajenga kambi, na ikaleta wafanyakazi kutoka India. Miaka michache baadaye ilikuwa Buenos Aires. Mwaka 1984 Wayne Huizenga alijiuzulu na kwenda kutafuta biashara nyingine. Mwaka huo huo Waste Management ilichukua sehemu kubwa ya kampuni ya SCA, na ikawa kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo.

Mwisho wa ruti

Kila ruti ina mwisho wake, na mwisho huo ni shimo mahali fulani, jirani na watu fulani. Kampuni ilivyokua, swali la nani atakaa jirani na shimo lilizidi uzito.

Mwaka 1978 Waste Management ilinunua eneo la kufukia kemikali za sumu huko Emelle, katika wilaya ya Sumter, Alabama. Ni wilaya maskini ambayo wakazi wake wengi ni Wamarekani Weusi. Dampo la Emelle likawa miongoni mwa makubwa zaidi nchini kwa taka za sumu, likipokea mizigo kutoka majimbo ya mbali. Nyumbani Chicago kwenyewe, kusini-mashariki mwa jiji, mtaa wa nyumba za umma wa Altgeld Gardens ulizungukwa na majalala, viwanda na mitambo ya maji taka, na dampo la kampuni hiyo huko Calumet City halikuwa mbali. Hazel Johnson, mama wa watoto saba aliyempoteza mume kwa saratani ya mapafu, aliwakusanya majirani zake wakaanza kupiga hodi kwa wakuu wa serikali na wa viwanda. Historia ya harakati za haki ya mazingira nchini Marekani humtaja kama mama wa harakati hizo.

Wazoaji wa zamani nao walifukia taka mashimoni bila kuuliza sana. Tofauti ilikuwa umbali. Harm aliishi katika mji ule ule uliofukiwa majivu yake. Wakuu wa kampuni walioamua habari za Emelle walikaa makao makuu huko Oak Brook, kitongoji cha kijani nje ya Chicago, na shimo wakaliona kwenye ramani.

Lori lisilozeeka

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yaliyoikuta Waste Management ni ajabu kwa sababu daftari lilikuwapo, kubwa na safi, lenye muhuri wa wakaguzi mashuhuri. Ni daftari lenyewe lililosema uongo.

Ili kuelewa uongo huo, tulitazame lori moja. Lori la taka huchakaa haraka: linasimama na kuondoka kila hatua, linashindilia uchafu wenye maji na chumvi, na bodi yake huoza. Mhasibu hugawanya bei ya lori kwa miaka litakayofanya kazi, na kila mwaka fungu moja huhesabiwa kuwa gharama ya uchakavu. Chukua mfano wa kubuni: lori la dola 120,000 litakalofanya kazi miaka 8 na mwishoni lisiwe na thamani. Uchakavu wake ni dola 15,000 kwa mwaka. Sasa mtu wa makao makuu aandike kwamba litafanya kazi miaka 12, na mwishoni bado litauzwa dola 24,000. Uchakavu unashuka hadi dola 8,000. Hakuna taka iliyoongezeka, hakuna mteja mpya aliyepatikana, lakini faida ya lori hilo imepanda kwa dola 7,000. Zidisha kwa malori 10,000, na umepata dola milioni 70 kwa kalamu peke yake.

Ndivyo ilivyofanyika, kwa mujibu wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Tangu mwaka 1992 ukuaji wa kampuni ulikuwa umepungua, na makao makuu yalijiwekea malengo ya faida ambayo ruti hazikuweza kuyafikia. Umri wa malori ukarefushwa, thamani ya mabaki yake ikapandishwa. Madampo yaliyokuwa yakijaa yaliendelea kuandikwa kana kwamba hayajapungua thamani. Miradi ya madampo iliyokwama na kuachwa haikuandikwa kuwa hasara. Marekebisho haya yalifanywa juu, makao makuu, baada ya hesabu za matawi kufika, kwa hiyo meneja wa ruti aliyelijua lori lake hakuwa na habari kwamba limerudishiwa ujana.

Wakaguzi wa hesabu kutoka kampuni ya Arthur Andersen waliziona kasoro hizo mapema na wakapendekeza zisahihishwe, kisha wakakubali zisahihishwe kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mwisho wa kila mwaka wakaidhinisha hesabu kama zilivyo. Hapa kuna jambo linalomrudisha msomaji kwenye mabenchi ya kanisa la Chicago. Hadi mwaka 1997, kila mkuu wa fedha na kila mkuu wa uhasibu wa Waste Management tangu iingie soko la hisa alikuwa amewahi kuwa mkaguzi wa Andersen. Mkaguzi na mkaguliwa walikuwa watu wa nyumba moja. Undugu wa damu ulikuwa umebadilishwa na undugu wa ofisi, na kanuni ya zamani ya kutomwaibisha mwenzako ikabaki palepale.

Buntrock alistaafu ukurugenzi mkuu mwaka 1996. Wanahisa wakubwa walikuwa wameshaanza kulalamika, na kiti kikawa cha moto: mrithi mmoja, Ronald LeMay, alikikalia miezi mitatu tu mwaka 1997 na kuondoka. Hesabu zikafunguliwa upya. Februari 1998 kampuni ilikiri kwamba faida ilizotangaza tangu 1992 zilizidishwa kwa dola bilioni 1.7, marekebisho makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa hadi wakati huo. Mwaka huo huo ilichukuliwa na USA Waste ya Houston, kampuni ndogo kuliko yenyewe, iliyobakiza jina maarufu na kuyahamisha makao makuu kutoka Oak Brook.

Juni 2001 Andersen ilikubali kulipa faini ya dola milioni 7 kwa ukaguzi wake. Miezi michache baadaye likaja anguko la kampuni ya Enron, mteja mwingine wa Andersen, na mwaka 2002 kampuni hiyo ya ukaguzi yenyewe ikasambaratika. Machi 2002 tume iliwashtaki Buntrock na wenzake watano, ikidai kwamba wanahisa walipoteza zaidi ya dola bilioni 6. Ilidai pia kwamba, siku chache kabla kasoro hazijaanza kujulikana hadharani, Buntrock alikitolea chuo chake cha St. Olaf hisa zenye bei ya uongo ili kujenga jengo lenye jina lake, na akapata nafuu ya kodi. Mwaka 2005 yeye na wenzake watatu walimaliza kesi bila kukiri wala kukanusha, kwa malipo ya jumla ya dola milioni 30.8, na wakapigwa marufuku kuongoza kampuni yoyote yenye hisa sokoni.

Huizenga kwa mara ya pili

Wayne hakuwamo katika kashfa hiyo ya hesabu. Alikuwa ameondoka miaka mingi kabla. Mwaka 1987 aliingia katika Blockbuster, duka la kukodisha kanda za video lililokuwa na matawi machache, akatumia mbinu ile ile ya ruti: nunua wadogo, wape jina moja, kusanya mapato madogo yanayojirudia. Mwaka 1994 Blockbuster iliuzwa kwa Viacom kwa dola bilioni 8.4. Akamiliki timu tatu za michezo za Florida Kusini, ya besiboli, ya mpira wa Kimarekani na ya magongo ya barafuni.

Kisha akarudi kwenye taka. Mwaka 1995 alishika usukani wa kampuni ndogo iitwayo Republic Waste, na mara moja akaiunganisha na kampuni ya taka ya shemeji yake, Harris Hudson. Mwaka 1998 biashara hiyo ya taka iliuza hisa zake kwa umma kwa jina la Republic Services. Ilikuwa mwaka ule ule ambao kampuni aliyoiasisi miaka 30 nyuma ilikuwa ikihesabu aibu yake. Mwaka 2008 Republic iliungana na Allied Waste, iliyokuwa imekwisha kuimeza BFI, hasimu wa zamani. Wayne alifariki Fort Lauderdale Machi 2018, akiwa na miaka 80.

Si Waholanzi wote wa Chicago waliouza mapema. Familia ya Groot, iliyoanza kuzoa mwaka 1914, iliendelea kumiliki malori yake kwa zaidi ya karne moja kabla ya kuyauza kwa kampuni ya Waste Connections mwaka 2017. Haikuwa na Riyadh wala Emelle. Ilibaki mahali ambapo mwenye kampuni angeweza kwenda uani asubuhi na kuyaona malori yake.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba udogo ni wema na ukubwa ni uovu, lakini historia ya Huizenga haisemi hivyo. Udogo uliwapa wateja wa Chicago bei isiyo na mshindani na mashimo yasiyo na ulinzi. Ukubwa ulileta madampo yenye wahandisi, ambayo hakuna familia yenye malori matano ingeyajenga. Balaa ilitokea pale kampuni ilipofikia ukubwa wa dunia huku ikiongozwa kwa desturi za ukoo, watu wakiaminiana kwa kuwa wanajuana. Desturi hiyo ilifaa Chicago ya miaka ya 1900 kwa sababu mdanganyifu angeonekana: lori lilikuwa uani, shimo lilikuwa mtaa wa pili, na shemeji yako alijua idadi ya vituo vyako. Oak Brook iliibakiza desturi hiyo bila macho yaliyokuwa yakiilinda, na gharama ikalipwa na wanahisa. Miongoni mwao walikuwamo wale wazee wa Kiholanzi waliobadilisha ruti zao kwa karatasi, na karatasi zao hawakuziuza.